Kinyozi na Kivuli

Washarika wenzangu, leo wazee mtanivumilia. Nataka kuwapeleka mahali ambapo wengi wenu mnapalaani bila kupaona, nako ni ndani ya simu za vijana wenu. Msigune. Ndiyo, ndani ya gemu. Mama mmoja pale nyuma naona anatikisa kichwa. Tulia mama, tutaingia wote na tutatoka wote salama.

Basi palikuwa na kinyozi, fundi hasa, mwenye saluni yake karibu na stendi. Mchana wateja wakipungua, yeye na wenzake walikuwa wanakaa kwenye viti vile vile vya kunyolea, kila mtu na simu yake, wanacheza gemu ya vita. Timu moja watu watano, timu nyingine watu watano, na hao wengine huwaoni. Pengine wako Bukoba, pengine wako nchi usiyoijua. Kila mchezaji anachagua mpiganaji wake. Yuko mwenye ngao, yuko mpiga mishale, yuko Kivuli anayenyemelea watu kwa nyuma, yuko mganga anayewaponya wenzake wakijeruhiwa. Na yuko mmoja anaitwa Radi.

Huyo Radi ni balaa. Anasimama mbali kule, ananyoosha mkono, na wewe uliyejibanza nyuma ya ukuta na ngao yako umekwisha. Hujui hata kimetoka wapi. Waliomtengeneza walimpendelea waziwazi, na kila anayecheza gemu ile anajua. Timu zilizompiga kinyozi wetu, karibu zote zilikuwa na Radi.

Na kinyozi alikuwa anaumia. Mnaosema ni mchezo tu, niwaulize: timu yenu ikifungwa Jumamosi, Jumapili hapa mnaimba vizuri? Si mnanikalia kama mmefiwa? Basi na yeye hivyo hivyo. Aliwaandikia wenye gemu: mpunguzeni nguvu Radi, mnatuonea. Hawakumjibu. Akaandika tena kwa ukali zaidi, wakanyamaza vile vile. Mteja akija kunyolewa ndevu tu, atasimuliwa habari za Radi mpaka anaondoka, hata kama ni babu ambaye simu yake ni ya kubonyeza. Wenzake wakamwambia, "Kapteni, na sisi tumchukue huyo Radi, tuwe sawa nao." Akakataa. "Ule si mchezo, ule ni uonevu. Afadhali tupigwe." Hapo nampongeza, ana msimamo. Lakini kupigwa walipigwa.

Ikafika mahali timu ikaanza kubomoka. Mmoja akaacha, akasema presha inampanda bure. Akaletwa binti badala yake, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mpole, anacheza mganga. Wale wa zamani nao wakamwambia kinyozi bila kumung'unya maneno, "Leo ndiyo mwisho. Tukipigwa tena, kila mtu ashike njia yake." Nanyi muelewe maana ya maneno yale kwake. Alikuja mji ule hana ndugu. Alipolazwa, hao ndio waliompelekea uji na kumfulia nguo. Wakiacha kuja pale saluni, amebaki yeye na kioo chake.

Wakacheza. Wakapigwa. Radi tena.

Wenzake wakanyanyuka kimya kimya. Mmoja anatafuta ndala zake, mwingine anakunja waya wa chaji. Kinyozi kajiinamia, anasema na sakafu: "Wamwondoe tu. Siombi kingine. Wamwondoe Radi, mtaona kama hatushindi."

Sasa wazee, hapa lazima niwaeleze utaratibu mmoja wa gemu ile, maana mfano wangu wote umekaa hapo. Kabla pambano halijaanza, kila nahodha anapewa ruhusa ya kumfungia nje mpiganaji mmoja. Akishamgusa jina, basi, hakuna wa upande wowote anayeweza kumtumia mpaka pambano liishe. Mmoja tu, huwezi kufungia wawili.

Naona vijana mmeshaanza kucheka. Mmejua. Subirini wazee wafike.

Yule binti akauliza, kwa heshima kabisa, "Kaka, samahani. Kama Radi ndiye anayetuumiza, kwa nini wewe kila siku unamfungia Kivuli?"

Mwenye ndala akasimama na ndala moja mkononi. Swali lile walikuwa nalo wote siku nyingi, ila hakuna aliyethubutu kulitoa.

"Kivuli ni mbaya sana," kinyozi akasema. "Wewe mgeni, humjui."

"Namjua, kaka. Walishampunguza nguvu zamani, siku hizi hata wanaojifunza hawamchukui. Ulipigwa naye lini mara ya mwisho?"

Kinyozi alikuwa anakumbuka vizuri ni lini. Miaka ya nyuma alikuwa na rafiki, wa kula naye sahani moja. Gemu ile ni kinyozi aliyemfundisha, wakicheza pamoja kiti kwa kiti. Yakaja mashindano ya mji, na yule rafiki bila kuaga akahamia timu nyingine. Fainali wakakutana, ukumbi umejaa. Rafiki akamchagua Kivuli, akamnyemelea kinyozi kwa nyuma, akammaliza wa kwanza kabla hata hajapiga pigo moja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na rafiki akacheka nao. Kicheko kile kilimwingia kinyozi, kikakaa. Tangu siku ile, kila simu ilipomuuliza unamfungia nani, kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe kwa Kivuli.

Mwenye ndala, aliyekuwa ukumbini siku ile, ndiye aliyesema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu, yule jamaa alishaacha gemu. Yuko Singida, anauza vipuri vya pikipiki. Hata simu yenyewe anaishika ya biashara tu."

Mnaona washarika? Kufuli analo, na mlango wa kufunga unaonekana. Anayemdhuru anaingia na kutoka apendavyo, huku yeye kila siku anamzuia mtu ambaye hata hayuko barazani. Halafu anawaandikia wenye gemu barua za malalamiko!

Kinyozi akaishika simu yake tena. Halafu akasema, "Moja tena. Kaeni, jamani. Moja tu." Wakatazamana, wakakaa, kwa kumwonea huruma zaidi kuliko kwa matumaini. Kioo cha simu kikauliza: unamfungia nani? Kidole kikaanza safari yake ya kawaida. Akakirudisha. Msifikiri ilikuwa rahisi. Kumwachia Kivuli kwake ilikuwa ni kama kukubali kwamba kile kicheko kilikuwa haki yake. Akafumba macho, akamgusa Radi.

Mnajua upande wa pili walipoona Kivuli yuko huru walifanya nini? Hakuna aliyemtaka. Amezuiliwa miaka yote, na siku anaachiwa hakuna hata wa kumwangalia. Wakapigana ngao kwa ngao, mishale kwa mishale, binti anawaponya huku na huku, na timu ya kinyozi ikashinda. Wakapiga kelele mpaka abiria wa stendi wakaja kuchungulia. Kinyozi hakupiga kelele. Alishusha pumzi ndefu, akajikuta mabega yamelegea, na ndipo alipojua kwamba muda wote alikuwa ameyakaza.

Akamgeukia mwenye ndala. "Nipe namba ya yule jamaa." Yeye mwenyewe alishaifuta. Akapiga pale pale, mbele yao.

"Kapteni!" sauti ikapasuka kutoka Singida. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nakupigia kuhusu ile fainali. Nataka tuyamalize."

"Fainali ipi?"

Yule wa Singida akaendelea, na sasa sauti imeshuka. "Kapteni, mimi sijui nilikukosea nini. Nilikuja kwenye msiba wa mama yako. Nilishika jembe na wenzangu pale kaburini. Ukapita mbele yangu kama hunioni. Nikasema basi, nisimwongezee machungu, nikarudi zangu."

Kinyozi alilia, washarika, na huku analia anacheka, maana kitu kilichomkaba miaka yote kilikuwa kimemwachia. Wakaongea mpaka simu ikaisha chaji.

Haya. Tutoke sasa kwenye simu, turudi kanisani, maana huko saluni tulikuwa tunapita tu.

Sisi nasi tuna malalamiko yetu tunayompelekea Mungu kila uchao. Ee Bwana, punguza ulevi wa nyumba hii. Ondoa majungu kwenye kwaya. Ondoa wivu unaonila ninapoona mwenzangu amejenga. Tunaomba kwa machozi, tunafunga, na Radi bado anatupiga. Lakini niambie wewe uliyekaa hapo: nguvu uliyopewa ya kufunga mlango umeitumia kwa nani? Moyo wa mtu ni mdogo. Ukiamka asubuhi, kazi ya kwanza ni kumzuia shemeji aliyekusema vibaya kwenye harusi ya mwaka gani sijui, hiyo nguvu ya kuzuia hasira isiingie kwa watoto wako utaitoa wapi? Umeshaimaliza! Umeimalizia kwa mtu ambaye hachezi tena. Ukimtajia siku aliyokuumiza, atakuuliza ni siku ipi. Na pengine alishika jembe kwenye msiba wenu, ukapita.

Simsemi jirani yako, acha kumtazama. Nasema na wewe. Tena usiniambie utamsamehe moyoni. Moyoni ndiko ulikomfungia.

Meza ya Bwana imeandaliwa, mkate upo na kikombe kipo, na mimi sina haraka. Wewe ambaye jina la mtu limekujia wakati nasema, chukua simu yako, toka nje pale kivulini kwenye ukuta wa ofisi, umpigie. Akipokea, ongea naye. Asipopokea, mwandikie. Kwaya wataimba taratibu mpaka urudi, na hatutaanza bila wewe.