Nondo Aliyekunywa Pombe

Paukwa!

Pakawa!

Ukungu!

Wa mlimani.

Kelele!

Za mtoto asiyetaka hadithi.

Haya, nyamazeni basi. Hapo kale, huko milimani ambako migomba inaishia na msitu unaanza, watu walikuwa na desturi yao. Nondo mkubwa, yule wa mabawa mapana yenye madoa kama macho, akija usiku kugonga mlangoni, alifunguliwa. Walisema ni babu aliyekufa, amekuja kuota moto. Wakimpokea husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kumuua ulikuwa mwiko.

Sasa ndani ya msitu ule liliishi zimwi. Likaisikia desturi hiyo, likaipenda sana.

Siku moja likajigeuza nondo, likaenda kugonga kwa Senkondo, mrina asali. Senkondo akafungua mlango kwa heshima zote, akasema karibu babu. Nondo akaingia, akasimama kwa miguu miwili, akawa zimwi, likamla Senkondo palepale. Nakijwa, mkewe, alipoliona likigeuka alijitupa uvunguni mwa kitanda na binti yao mchanga, amemziba mdomo. Alisikia yote.

Zimwi likajipangusa midomo, likasema, "Mtoto bado mwembamba. Nitamrudia akinenepa."

Asubuhi Nakijwa akaenda kwa wazee kuomba ruhusa ya kuchoma nondo wote wakubwa. Mzee Mbazi, mkuu wao, akakataa, akisema atachoma mababu za watu. Akamfariji kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Faraja gani hiyo? Senkondo alikwisha, hata ukucha haukubaki.

"Tuonyeshe ni yupi, mwanangu," mzee akamwambia. "Ukimjua, huyo ni wako."

Basi Nakijwa akaanza kazi. Giza likiingia alimfunga mtoto mgongoni, akatundika shuka jeupe ukingoni mwa msitu na kusimamisha mwenge nyuma yake. Nondo wakaja. Wa kijani, wa kijivu kama gome la mti, wengine wadogo kama punje za ulezi. Akatazama mabawa, akatazama vipembe vya kichwani, akatazama miguu.

Watu wakamcheka, wakasema msiba umemtia wazimu. Naye mtoto akanenepa, maana mama gani atamnyima mwanawe uji? Kila mashavu yalipozidi kujaa, moyo wa Nakijwa ulizidi kuwaka. Hakutaka pole ya mtu. Alilitaka zimwi.

Kwa mabawa, nondo wakubwa walifanana wote. Kwa vipembe walifanana wote. Siku moja akalipaka shuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wale wadogo wakanyonya, wale wakubwa hawakugusa. Akamshika mmoja taratibu, akamsogeza kwenye mwanga, akamkuta hana mdomo. Kumbe hao hula wakiwa viwavi tu. Wakishaota mabawa hawali tena mpaka kufa kwao.

Nakijwa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Zimwi gani litajizuia lisile?

Basi akapika pombe ya miwa, akaichanganya na asali, akaipaka shuka zima. Kando akakoka moto mkubwa. Kisha akamwita Mzee Mbazi aje ashuhudie. Nondo wakubwa wakatua, wakatulia. Mmoja akatoa ulimi. Akanywa, akanywa, akanywa, mpaka mabawa yakalegea.

"Mgeni, umeshiba?" Nakijwa akauliza.

"Bado," akajibu kwa sauti ya kilevi. "Niletee mtoto."

Mzee Mbazi akarudi nyuma. Nakijwa akasogea mbele. Akawapeperusha wale wengine, akamkunja mnywaji ndani ya shuka, akakaza fundo, akalitupa furushi motoni.

Zimwi likarudia umbo lake katikati ya miali, shuka limelikaba. "Nitoe, Nakijwa," likalia. "Nikate kidole cha mwisho, mumeo atatoka mzima."

Mzee Mbazi akakimbilia maji. Nanyi mngekimbilia, nawajua, kwa sababu hadithi zote mlizosikia watu hutokea kidoleni. Nakijwa akamshika mzee mkono, akamrudisha.

"Zimwi linalomeza hutoa," akaliambia. "Wewe ulitafuna. Nilikuwa uvunguni, nilisikia kila mfupa."

Akaongeza kuni. Zimwi likaomba, akaongeza kuni. Likalia, akaongeza kuni. Likanyamaza, akaongeza kuni. Kulipokucha yalibaki majivu. Akayakanyaga kwa miguu yake mwenyewe, kisha akaenda kumpikia mwanawe uji.

Wapo wasemao kisasi hakishibishi. Mimi nawaambia Nakijwa alishiba.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyesinzia shauri yake. Funzo lake ni hili: mgeni mkaribishe, lakini mjue kwanza, hata akija na sura ya babu yako.