Chai ya Kiboko na Hasira za Bi Pimbi

— Ngano, jamani, ngano!
— Ije, ije upesi!
— Wenye miguu mirefu ikunjeni!
— Tumekunja!
— Leo nani kanuna?
— Sote tumenuna!
— Nani hakununa?
— Aliyekula vya wenzake!

Haya, basi mnisikilize.

Zamani, wakati Kiboko bado analala nchi kavu kama wanyama wengine, kulikuwa na bonde lenye udongo mweusi, udongo wa kunata, ukichomeka kijiti leo kesho kina jani. Wanyama wa bonde hilo walilima. Ngiri alilima viazi vitamu, tena kwa pua yake. Bibi Nungunungu alilima mihogo. Bi Kanga alipanda mtama, na pembeni mwa mtama wake ndipo alipotaga mayai. Na Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, hana pembe, hana mkia, ana sauti tu, alilima kunde chini ya mwamba alipokaa na wanawe.

Kiboko hakulima. Kiboko alikula.

Asubuhi alipita kwa Ngiri: gwaf, gwaf, gwaf! Viazi vimekwisha. Adhuhuri alipita kwa Bibi Nungunungu: kwacha, kwacha, kwacha! Mihogo imekwisha. Jioni alipita kwa Bi Pimbi: nyaka, nyaka, nyaka! Kunde zimekwisha, na wanawe Bi Pimbi wanatazama kutoka mwambani, midomo wazi. Na akishakula haondoki kwa adabu. Anageuka, anatikisa mkia, anatawanya mavi, pwata pwata pwata, mpaka milangoni mwa watu.

Wanyama wakakasirika. Wakakusanyika, wakaenda kwake kwa pamoja. Ngiri ametanguliza meno. Bibi Nungunungu amesimamisha miiba. Bi Pimbi yuko mbele ya wote, anapiga kelele, "Kwiii! Kwiii! Toka nje, mla vya watu!"

Kiboko akatoka. Akawatazama. Mmoja mmoja angewakanyaga, lakini wote kwa mara moja? Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akatabasamu tabasamu refu, maana mdomo anao.

"Ndugu zangu," akasema, sauti laini kama uji. "Mnaumwa."

"Tunaumwa na nini?" Ngiri akauliza.

"Hasira. Tazameni macho yenu yalivyo mekundu. Hasira inakula ini. Hasira inakausha figo. Mtu akikasirika asubuhi, jioni hana maini. Mimi naingia mashambani mwenu, najionea, nasema, jamani hawa watu watakufa! Bahati yenu nina dawa."

Akawapeleka kinamasini. Kulikuwa na mmea wenye majani kama vidole, kingo zake kama meno ya msumeno. Nduguye mmea huo hulevya, kila mtu anamjua. Lakini huu, Kiboko akasema, haulevyi, hauzungushi kichwa, unatuliza tu. Akachemsha chai chunguni, tokota tokota, akakamua mafuta ya mmea ndani yake, tone, tone, tone. Akawapa.

Wakanywa. Ngiri akashusha mabega. Bibi Nungunungu akalaza miiba yake, na nyonga zake zilizomuuma tangu masika ya zamani zikaacha kuuma. Bi Pimbi naye akanywa. Na kweli, hasira ikayeyuka kama samli juani. Akarudi nyumbani, akaona shamba lake tupu, akasema, "Ah." Wanawe wakasema, "Mama, tuna njaa." Akasema, "Vuteni pumzi." Wakavuta pumzi. Njaa ikabaki palepale.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya bonde. Kila asubuhi wanakwenda kwa Kiboko, wanakaa kwenye mkeka, wanafunga macho. Kiboko anaimba:

"Vuta pumzi!"
"Fuuu!"
"Toa pumzi!"
"Haaa!"
"Hasira iko wapi?"
"Haipo!"

Kisha wanakunywa. Kisha wanarudi kulima. Kisha Kiboko anakula. Na kwa kuwa dawa haitolewi bure, kila mgonjwa alikuja na mzigo wa chakula kichwani. Sasa Kiboko hakuwa na haja hata ya kutembea. Walimwita Mwalimu.

Siku moja Mwalimu akaenda kunyoosha miguu. Akapita mle mle katika mtama wa Bi Kanga. Kach. Kach. Kach. Hakugeuka.

Bi Pimbi alipita baadaye, akamkuta Bi Kanga amesimama pembeni ya shamba. Mbele yake maganda na ute vimechanganyika na udongo. Bi Kanga ameshika kikombe cha chai.

"Shoga! Mayai yako!"

"Nimeyaona," Bi Kanga akasema.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwalimu alipita."

"Na wewe umesimama tu?"

"Nimevuta pumzi, shoga. Nimetulia." Akapiga funda. "Kunywa na wewe, bado ya moto."

Bi Pimbi alimtazama usoni. Akatafuta chozi, hakuliona. Akatafuta chochote. Uso wa Bi Kanga ulikuwa mtulivu kama sahani iliyooshwa. Ndani ya Bi Pimbi kitu kikajaribu kupanda, kikafika kifuani, kikateleza kikarudi chini, maana na yeye alikuwa amekunywa asubuhi ile. Akataka kupiga kelele, ikatoka sauti ya kupiga miayo. Akaogopa. Hajawahi kuogopa vile.

Kesho yake alikwenda mkekani kama kawaida. Alifunga macho kama kawaida. Kikombe kilipomfikia akakiinamisha nyuma ya mguu, chai ikamwagika mchangani, chururu. Akapangusa mdomo akasema, "Aah, nimetulia."

Jua lilipopanda, hasira ikarudi. Haikurudi peke yake. Zilirudi za siku zote, zimepangana mlangoni kama wageni wa msiba. Ya kunde. Ya wanawe kulala na njaa huku yeye anasema vuteni pumzi. Ya mayai. Bi Pimbi akang'ata jiwe. Akataka kukimbia kwa Kiboko amrukie shingoni, akajijua: angemezwa bila hata kutafunwa. Akatembea kwa majirani.

"Bwana Ngiri, viazi vyako vinaliwa!"

"Usipandishe sauti, Bi Pimbi. Utaharibu ini."

"Bibi, mihogo yako!"

"Mjukuu wangu, mbona una uchungu hivyo? Hukunywa leo?"

Basi. Bi Pimbi akaketi akafikiri. Chai haikuwa na kosa, alijua hivyo. Nyonga za Bibi Nungunungu zilipata nafuu ya kweli. Kosa lilikuwa la yule aliyeimimina kisha akaenda kukanyaga mayai. Na tena aliona jambo moja: yeye mwenyewe, Mwalimu, hajawahi kuonja hata tone.

Akaenda kwa Kiboko. Akamkuta amejilaza kati ya malundo ya viazi na mihogo, anakula na huku anaugua.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Umetulia?"

"Nimetulia mpaka masikio. Mbona wewe unaugua?"

"Nimeshiba," Kiboko akasema kwa uchungu mkubwa. "Tazama chakula chote hiki, na mimi nimeshiba! Tumbo linakataa. Dunia haina haki."

Hasira ilimpanda Bi Pimbi mpaka akaona giza. Akaimeza. Ilikuwa chungu kuliko dawa yoyote.

"Pole, Mwalimu. Lakini nina swali la kijinga."

"Uliza. Wajinga ndio ninaowapenda."

"Ile siku ya kwanza niliyokunywa chai yako, tumbo langu nalo lilitulia. Nikala, nikala, halikusema neno. Mimi mdogo hivi, kwa kikombe kimoja. Sasa tumbo kama lako, kwa chungu kizima..."

Kiboko akaacha kutafuna. "Tumbo linatulia?"

"Tuli!"

"Halisemi limeshiba?"

"Litasema vipi, na limetulia?"

Kiboko akaketi. Mate yakamdondoka, pwa. Lakini alikuwa mlafi, hakuwa mpumbavu. Akakunja uso. "Na hao wengine watakunywa nini?"

"Kwani wana ugonjwa gani tena?" Bi Pimbi akashangaa, macho duara. "Si umekwisha kuwaponya? Kuna mmoja hapa bondeni mwenye hasira? Aliyepona hamezi dawa. Au..." akashusha sauti, "au dawa yako haiponyi, Mwalimu?"

"Inaponya!" Kiboko akanguruma.

"Nilijua."

"Wamepona wote!"

"Wote, Mwalimu."

Kiboko hakungoja. Akaenda kinamasini, akakwanyua majani, vyaka vyaka vyaka, akakamua mafuta yote, akachemsha chungu mpaka mdomoni. Akakiinua kwa mikono miwili akakibugia, gudu, gudu, gudu, gudu! Akalamba chungu. Akalamba na mwiko. Kisha akajilaza juu ya malundo yake akatabasamu, na safari hii tabasamu lilikuwa la kweli.

Asubuhi wanyama wakaja na mizigo yao. Wakakaa mkekani.

"Vuta pumziii," Kiboko akasema, amelala chali.

"Fuuu!"

"Toa... toeni tu wenyewe."

"Haaa!"

Wakasubiri vikombe. Hakuna. Chungu kitupu, kimefudikizwa. Jua likapanda. Jua likawaka. Ngiri akajikuna pua. Akatazama mzigo wake. Akatazama malundo ya Kiboko.

"Hivi," akasema polepole, "vile viazi pale, si vyangu?"

"Ni vyako," Kiboko akajibu kwa upole. "Vitamu sana."

Ngiri akasimama. "Kwa nini umechukua?"

"Nilivitaka."

Bibi Nungunungu akainuka, mwiba mmoja ukasimama. Kisha mwingine. "Na mihogo yangu?"

"Nayo niliitaka, Bibi."

"Na ini letu? Figo zetu?"

"Ah, hayo niliyabuni. Mlikuja wengi, niliogopa."

Bi Pimbi alikuwa amesimama nyuma ya wote, kucha zimezama ardhini. Alitaka wasikie kwa masikio yao.

Bi Kanga akasogea mbele. Alitembea kama mtu anayetoka usingizini. "Na mayai yangu?"

"Nilipita juu yake," Kiboko akasema. "Nilisikia kach, kach. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu."

Hapo Bi Pimbi akafungua mdomo. Sauti yote aliyoibana ikatoka kwa mkupuo: "KWIIIIII!"

Bonde likaitika. Ngiri akanguruma, miiba ya Bibi Nungunungu ikalia shashasha kama mvua juu ya makuti, na hata wanawe Bi Pimbi wakapiga kelele kutoka mwambani. Wakamrukia. Wakamchoma, wakamsukuma, wakamviringisha, "Ondoka! Ondoka! Ondoka!" Na Kiboko, mkubwa kuliko wote kwa pamoja, akaenda walikomsukuma, anatabasamu, anasema, "Sawa. Sawa. Nimetulia." Wakamfikisha ukingoni mwa mto. Wakamtia teke la mwisho. Chubwi!

Chai ilipomwisha mwilini, Kiboko aliibuka. Akaachama domo lote, meno nje, anafoka maji, anataka kurudi kwenye malundo yake. Akakuta ukingo mzima umejaa watu wa bonde, wamesimama bega kwa bega, na hakuna hata mmoja aliyefunga macho. Akawatazama. Wakamtazama. Polepole akazama tena, blub, zikabaki pua na masikio.

Wakagawana chakula. Ngiri alitaka ule mmea ung'olewe mpaka mizizi, uchomwe moto. Bibi Nungunungu akamzuia.

"Acha mche mmoja, baba. Nyonga zangu zinauma. Hasira yangu haiumi."

Ukaachwa.

Bi Pimbi akabeba kunde kuwapelekea wanawe. Njiani akamkuta Bi Kanga, pembeni mwa mtama wake, palepale. Safari hii hakuwa na kikombe. Alikuwa amekaa chini anafukua udongo kwa kucha, ametoa kipande kimoja cha ganda, na alikuwa analia. Alilia kwa sauti, mabawa yamefunuka, mwili wote unatikisika, kilio cha siku zote zile ambazo hakulia. Bi Pimbi akatua mzigo wake. Akakaa karibu yake. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia avute pumzi. Alikaa tu, na kifuani mwake hasira bado inafuka, na akaiacha ifuke.

Basi, watoto wazuri, mmejifunza nini? Mmejifunza kwamba hasira ni mbaya sana. Mtu akila kunde zako, mtabasamie. Akikanyaga mayai yako, mkaribishe na mtama. Fungeni macho, tena myafunge sana, na mtu mwenye tumbo kubwa akiwaambia mnaumwa, msimuulize ameshiba nini. Hivyo ndivyo walivyoishi kwa raha wanyama wa bonde lile, na bila shaka hamkunisikia nikisema vinginevyo.

Ngano nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe. Aliyeichukia anirushie, nami nitaidaka.