Kiti cha Sikuzani

Nauli haisogezi gari. Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani yetu, mkaanza kuulizana. Basi kaeni, wajukuu zangu, chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mama mmoja, Sikuzani, kibarua wa kiwanda cha kubangua korosho. Siku moja msimamizi alikuwa anachagua watakaopewa ajira ya kudumu, na geti likishafungwa saa moja halifunguliwi. Sikuzani alikuwa analea watoto peke yake. Kazi ile aliitaka kwa roho yote.

Aliamka mapema akageuza na gari. Yaani alilipanda likielekea mwisho wa njia, akalipa, akarudi nalo, akalipa tena, ilimradi apate kiti. Njiani akapanda Mbonea, kibarua mwenzake, akasimama ubavuni mwake.

Walipokaribia daraja, foleni ikakaza. Magari yakazimwa. Dereva akashuka kununua kahawa.

"Shoga, tushuke," Mbonea akasema. "Tukifuata reli tunawahi."

"Nishuke? Kiti nimekilipia mara mbili, nimwachie nani?"

"Mwachie atakayekitaka. Geti halikungoji."

Abiria mmoja akacheka. "Dada, nenda kafanye mazoezi. Mwenzio ana hati ya kiti."

Mbonea akavua viatu, akashuka. Sikuzani akamtazama mpaka kilemba chake kikapotea nyuma ya mabehewa yaliyosimama relini. Gari likasogea kidogo. Akajisemea, si unaona, linakwenda. Likasimama. Jua likapanda hadi kwenye kioo. Kila akitaka kuinuka, mkono ulirudi kushika kiti.

Mwishowe akaruka, akakimbia kando ya reli mpaka getini. Limefungwa. Kupitia nondo akamwona Mbonea kwenye mstari, jina lake likiitwa.

"Baba, nifungulie," akamwambia mlinzi. "Nimetoka alfajiri. Nauli nimelipa mara mbili."

Mlinzi alikuwa mtu mzima, na huruma alimwonea, lakini ruhusa haikuwa yake.

"Nauli haisogezi gari, mwanangu," akasema.

Maneno yale yakaenea viwandani. Vibarua wakaenda kwa diwani kudai njia ya miguu kando ya reli, na mabasi yatengewe njia yao. Ya mabasi tunaidai mpaka leo. Ya miguu waliichimba wenyewe, Sikuzani akiwa mbele na jembe, ingawa ajira ile ilikwisha kumpita.

Kwa hiyo mkimwona mtu ameng'ang'ania jambo lililokwama kwa kuwa tu amekwisha kuligharamia, msimcheke. Mwambieni taratibu, na mapema: nauli haisogezi gari.