Kiboko na Kipimo cha Tatu

Zoezi la Kulinganisha Njia za Kimaabara za Kutambua Vimelea Katika Chanzo cha Maji ya Kunywa, Awamu ya Kwanza na ya Mwisho.

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na chemchemi!
Nani kaikalia?
Kiboko!

Basi sikilizeni. Kiboko alijitumbukiza kwenye chemchemi, chubwi, akakataa kutoka. Mnyama akija na kibuyu, Kiboko husema, "Maji haya yana vimelea, wadudu wasioonekana. Nayanywa mwenyewe kwa usalama wenu."

Swala akaja, akarudishwa. Ngiri akaja, akarudishwa. Wakawa wanakunywa madimbwi, matumbo yakawaendesha. Watoto wa Pimbi wakalegea mpaka hata kulia hawawezi.

Pimbi akaja, kimo chake kama kiatu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona sioni mtu?"

"Niko huku chini. Natoka Maabara ya Jabalini. Hivyo vimelea umevipima kwa njia gani?"

"Nakunywa. Tumbo likinguruma, vipo."

"Njia nzuri, ila ni moja. Lazima zilinganishwe. Na msimamizi atakuwa Mkurugenzi wa Chemchemi Zote."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Zote?"

"Hata ambazo hazijagunduliwa."

"Tuanze!"

"Njia ya kwanza ni kutuamisha. Maji yatulie, vimelea vizame. Anayetikisa anaharibu kipimo."

Kiboko akatoka, chururu. Maji yakatulia, yakang'aa.

"Umeona kitu?"

"Sijaona."

"Njia ya pili ni kuchuja." Pimbi akamimina maji kwenye kitambaa, tone, tone, tone. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Umeona kitu?"

"Sijaona. Na ukurugenzi sijauona!"

"Njia ya tatu ni kuzungusha. Kizito hujitenga chenyewe." Pimbi akafunga kamba kwenye kibuyu kidogo.

"Cha nini hicho? Mkurugenzi azungushe kibuyu cha mtoto? Lete mtungi!"

Pimbi akaihamishia kamba kwenye mtungi, akampa pale pale ukingoni mwa mteremko. Akaing'ata kamba, akazunguka. Vuu! Vuu! Vuu! Kizunguzungu kikamshika, miguu ikapishana, akabingirika, gubu, gubu, gubu, mpaka kwenye kinamasi cha bondeni. Chubwi!

"Pimbi wee! Nimeshinda?"

"Umeshinda, Mheshimiwa! Njia ya tatu ndiyo bora. Imetenga kimelea kimoja, kizito ajabu. Subiri hapo hapo barua ya uteuzi."

Anaisubiri mpaka leo. Tope la kule ni laini, wala hajalalamika.

Funzo, watoto wazuri: mkubwa akikukataza maji, mtii, maana yeye ndiye ajuaye kilichomo.

Ngano yangu imekauka, kibuyu ni kitupu. Mwenye kiu akachote yake.

Ukweli ni kwamba Kiboko alikuwa akijisaidia majini. Alipotoka maji yakatakata, wanyama wakanywa, na watoto wa Pimbi wakapona.