Ndama wa Jiviba

Sogeeni karibu, na anayejua kuamua kesi akae mbele kabisa, maana hii imenishinda hata mimi Karsan, niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu nilikuwa nimeshajua kila kitu.

Kijiji chetu cha Khijadpur, huko India, ni kidogo lakini hatukosi kitu. Tuna shule ya vyumba viwili, mashine ya kusaga, kituo cha kupokea maziwa asubuhi, na pampu ya umeme inayojaza birika la mifugo. Tuna pia watu watatu wenye vipawa. Devshi wa mashine ya kusaga, mbao zikipita mikononi mwake zinageuka chochote atakacho. Hansa, fundo lake halifunguki; akifunga mnyama leo, mwakani mtamkuta palepale. Na mimi, bwana wa maji. Nikiyaambia yapande mlima, yanapanda.

Nyuma ya birika kuna kisima cha zamani. Tangu pampu ije, hakuna anayechota humo. Kilifunikwa kwa mbao, kikazungushiwa kamba kwenye nguzo nne.

Basi siku moja mchana, jua linachoma, tukasikia Jiviba anapiga ukunga. Ni mjane mzee. Hilo "ba" ni kama mama, na kijiji kizima ni watoto wake.

"Nyati wangu ametumbukia kisimani!"

Nyati wa kukamwa huyo, si wale wa porini wanaofukuza watu. Ndiye chakula chake na dawa zake. Akaapa mbele ya wote: "Atakayenitolea nyati wangu, ndama wake nampa!"

Devshi akakimbia, akarudi na mbao nne nene, akazilaza mdomoni mwa kisima zikawa mteremko.

Hansa akakimbia, akarudi na kamba ndefu. Akateremka mwenyewe mpaka kwenye matope, akamfunga nyati kifuani fundo lake lile.

Mimi nikavuta mpira wangu wa maji kutoka shambani, nikamimina kisimani mpaka nyati akaelea, akapanda na maji taratibu kama bibi harusi. Tukamvuta juu ya mbao, akatoka! Bila mbao angekwama ukingoni. Bila kamba angezama. Bila maji angebaki chini.

Watu wakashangilia. Sisi watatu hatukutazamana.

Kwa sababu mbao zile zilikuwa mfuniko wa kisima. Devshi alizibeba mwezi uliopita, akaziweka chini ya magunia yake ya unga. Kamba ile ndiyo iliyozunguka kisima. Hansa aliifungia wajukuu wake bembea siku ya sikukuu. Na mimi? Siku tatu nilikuwa nimeyageuza maji ya birika yaende kwenye pilipili zangu. Nyati alikuja kunywa, akakuta pakavu, akanusa maji ya kisima.

Kesho yake Jiviba akatuletea ndama, kamvika maua shingoni.

"Haya wanangu, ni wa nani?"

"Mpe Hansa, ba," akasema Devshi. "Ndiye aliyeshuka."

"Mimi nilifunga fundo tu! Mpe Karsan, si anajisifu kila siku?"

"Mimi? Maji tu yale, ba. Maji hata mtoto anamwaga."

Jiviba akajifuta machozi kwa ncha ya sari. "Jamani! Hivi nimezaa watoto wasio na tamaa namna hii!"

Hansa akaninong'oneza, "Sema wewe, mdomo si unao?"

"Leo sina."

Jiviba akakataa kurudi na ndama. Kiapo alichoapa mbele ya watu, alisema, hakirudi nyumbani naye. Akamfunga kwenye birika, mpaka tukubaliane. Hiyo ni juzi. Na nyati hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Asubuhi mbili sasa Jiviba hakuonekana kituo cha maziwa. Ndama analia huku, mama yake anamjibu kule. Birika limejaa pomoni, nimelijaza mwenyewe.

Akichukuliwa na mmoja wetu, kikombe cha mjane kinabaki kikavu. Tukimrudisha bila kusema kwa nini, ba hapokei. Na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme kwanza.

Haya, nyinyi mliosikia kabla yake: ndama yule afunguliwe na nani, na amwambie nini Jiviba?