Kengele Tatu Langoni

Mama Natasha, jirani wa pale Gesima, anashikilia mpaka leo kwamba mtoto wa Loice aliliwa na kompyuta. Husimulia hivi: huko Keroka, juu ya duka la vitambaa la Chandulal, kuna chumba chenye mashine inayolia kama mbuzi anayekabwa kabla haijafunguka. Mwanamke mwenye mimba akiikodolea macho, mashine humwona mtoto aliyemo tumboni na kumchukua. Ukimuuliza aliona lini, husema hakuona yeye, bali anamjua mtu anayemjua aliyeona. Kisha hushusha sauti na kujifunga leso yake upya.

Mashine haili mtu. Lakini kwamba mtoto yule hakulia alipozaliwa, hilo ni kweli, na kilichomla kinakaa katika nyumba nyingi.

Loice alikuwa mke wa Lewis, mwana wa Mwalimu Machogu. Lewis alifanya kazi katika mashamba ya majani chai huko Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Loice alibaki Gesima na wakwe zake, akifundisha watoto wa chekechea kanisani bila cheti chochote. Mwaka wa 1999 likaja tangazo kwamba chuo kimoja cha Nairobi kingewafundisha walimu wa mbali bila wao kuondoka kwao. Masomo yangepita katika waya wa simu hadi kwenye kompyuta ya Chandulal, na binti yake, Palak, ndiye angeiendesha. Mwalimu ambaye hangekuwa na cheti cha chuo hicho kufikia Desemba angempisha mwingine.

Loice alijiandikisha kwa siri. Mwaka uliotangulia mimba yake ilikuwa imetoka, na mama mkwe alisema wazi kwamba iliharibiwa na safari za Keroka. Sasa alikuwa na nyingine, ya miezi mitano. Kwa hiyo kila Alhamisi alijitwika mkungu wa ndizi, akasema anakwenda soko la hapo Gesima. Aliuza ndizi kwa yeyote wa kwanza aliyeuliza, kisha akapanda ngazi za Chandulal.

Siku ya kwanza mashine ilipolia ikitafuta Nairobi, Loice alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango.

"Dada, haiumi," Palak alimwambia. "Mimi naishika kila siku na vidole ni kumi bado."

Mwalimu wao, Nyamongo, hakuna aliyewahi kumwona uso. Aliwaandikia kwamba wamo katika ukumbi usio na kuta. Kila mmoja angekuja kwa siku yake, na barua yake ingewafikia wanafunzi wote, nao wangemjibu. Jina lisingetajwa, ila nambari tu, ili mwoga naye apate kusema. Loice akawa Kumi na Mbili.

Katika ukumbi huo alikuwamo mmoja aliyeitwa Saba. Saba aliandika kwamba kiboko hakijawahi kumuua mtoto. Loice akamjibu kwamba hata jembe halijamuua, lakini hakuna anayefundishia kusoma kwa jembe. Wiki iliyofuata Saba alijibu kwamba anamwonea huruma mwenye kuishi boma moja na Kumi na Mbili, maana ulimi wake unaweza kuchuma majani chai bila mikono. Loice alicheka hadi Palak akainua kichwa. Wakawa wanabishana hivyo kila wiki, na kila wiki Loice akatafuta kwanza barua ya Saba kabla ya ile ya mwalimu. Kule nyumbani hakuwa na mtu wa kubishana naye.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, miguu yake ilianza kuvimba. Viatu vilikataa kuingia. Kichwa kilimgonga kuanzia asubuhi, na akiinama kuteka maji, nyota ndogo zilimrukia machoni. Hakusema. Alijua angesema tu, Keroka ingeisha siku hiyo hiyo, na cheti pia. Akavaa gauni refu, akawa anakaa na miguu chini ya kiti kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

Wiki hiyo Mwalimu Nyamongo aliwataka waandike tatizo moja la afya wanalolijua nyumbani kwao. Loice alikaa mbele ya mashine kwa muda mrefu. Kisha akaandika yote: miguu, kichwa, nyota, hata damu ya mwaka uliopita. Aliandika mambo ambayo hakuwa amemwambia mumewe. Aliona ni salama. Huko ndani hapakuwa na macho.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Saba, na safari hii hakufanya mzaha. Alimwambia aende hospitali, asingoje. Alisema aliwahi kumpoteza dada yake kwa dalili hizo hizo. Mwisho akauliza kama hapakuwa na mtu hata mmoja wa boma lake anayeweza kuambiwa.

Loice akaandika: "Mama mkwe akijua atanifungia nyumbani. Aliyebaki ni baba mkwe, na wewe unajua mambo ya ensoni. Ni mtu mzuri. Akifika langoni hupiga kengele ya baiskeli mara tatu ili nipate kupisha, hajasahau hata siku moja. Lakini hili siwezi kumwambia hata nikifa."

Huko Gusii, mkaza mwana na baba mkwe huoneana ensoni. Hawashikani mikono, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Anayevunja ensoni huitwa mbele ya wazee atakaswe, na ukoo mzima hujua.

Alhamisi iliyofuata Palak alimpa karatasi moja. Mwenye barua alikuwa ameomba isiende kwa wengine. Palak hakujua kilichokuwamo. Alikuwa na watu wanaongoja kupigiwa chapa. Loice akasoma akiwa amesimama.

"Kumi na Mbili. Mwenye kengele ni mimi. Nimesoma nisichopaswa kusoma, na wewe hukujua, wala mimi. Sitakutajia tena. Lakini nakuomba, mwambie mama yenu leo. Nijibu neno moja tu, nijue umesema."

Alikumbuka kila alichoandika: damu, usiku wa kulia peke yake, mzaha wa kiboko na jembe. Vyote hivyo alikuwa amemwambia baba wa mumewe. Akaichana karatasi vipande vidogo, akavitia mfukoni, akashuka ngazi bila kuaga. Palak alimwita mara mbili kutoka dirishani. Hakugeuka.

Hakurudi tena Keroka. Alimwambia mama mkwe kwamba soko limekuwa baya.

Mtu atauliza, kwa nini mzee hakumwambia mkewe? Naye alikuwa na lake la kuficha. Mwalimu Machogu alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, na wilaya nzima ilimwita mwalimu. Yeye pia alitakiwa awe na cheti kipya. Aliona aibu kukaa darasani na vijana, akawa anakwenda kwa Palak kila Jumanne, na mkewe akaambiwa ni mikutano ya ushirika wa walimu. Angeanza kusema, angeulizwa amejuaje. Na akisema amejuaje, wazee wangeitwa.

Basi akasema kwa kengele. Siku ya kwanza ilikuwa kama kawaida: mara tatu. Loice akaondoka uani, akaingia jikoni. Kisha akasikia tena mara tatu. Siku ya pili zilikuwa tatu, na tatu, na tatu tena. Mama mkwe alitoka na mwiko mkononi, akamuuliza mumewe kama anauza maziwa siku hizi. Mzee akasema kengele inashika kutu, anaijaribu.

Siku ya tano Loice alisikia kengele ikilia pale langoni bila kukoma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, miguu imejaa kama magunia, kichwa kinapasuka. Kila mlio ulimwingia kama sindano. Alijua anaombwa nini. Mama mkwe alikuwa hatua nne kutoka kwake, anachambua mboga, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Alifungua mdomo.

"Unasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Nasema chumvi imekwisha."

Kesho yake asubuhi alianguka kando ya kisima. Mama Natasha ndiye aliyemkuta, macho yamegeuka, mwili ukirukaruka kama samaki nje ya maji. Walimbeba hadi barabarani, na lori la majani chai likawafikisha hospitalini. Alipopata fahamu, tumbo lilikuwa limeshuka. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amefungwa katika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Lewis alifika mchana kutoka Kericho, viatu vikiwa bado na udongo wa shamba. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda. Mwalimu Machogu alisimama nje ya mlango, amewapa mgongo, kama ensoni inavyotaka.

Muuguzi aliishika miguu ya Loice, akaibonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

"Hii haikuvimba leo," alisema. "Hii ni ya wiki nyingi. Nyumbani hakuna aliyejua?"

Lewis akamtazama mama yake. Mama mkwe akatikisa kichwa, kisha akakumbuka gauni refu. Akakumbuka soko lililogeuka baya ghafla, na kengele ya kutu. Alimtazama Loice kitandani, akautazama mgongo wa mumewe pale mlangoni, akarudi tena kwa Loice. Uso wake haukuwa na hasira.

"Mimi ni mama," alisema taratibu. "Ningemleta kwa mgongo wangu. Ni nani alijua? Nawaomba mniambie."

Pale mlangoni mikono ya mzee ilikuwa imeshikana nyuma ya mgongo. Kidole gumba kikashuka mara tatu, kama kinachotafuta kengele, kikatulia. Loice akageuza uso ukutani.

Mficha uchi hazai.