Filimbi ya Gadi Mihayo

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, alikuwapo Tabora gadi mstaafu wa treni, Mzee Mihayo. Kustaafu kulimshinda. Mtu anaamka alfajiri, anavaa kofia, treni hana. Mkewe, Bi Chausiku, akachoka kuamrishwa ndani ya nyumba yake kama abiria asiye na tiketi. Basi mtoto wao aliyeko ng'ambo akawatumia sanduku: treni mbili ndogo za umeme, moja ya abiria na moja ya mizigo, na reli zake za kupanga mezani. Mzee akacheka hadi meno ya bandia yakacheza.

Lakini sanduku halikuwa na pointi. Pointi ni pale reli moja inapogawanyika ikawa mbili, treni moja ikajitenga pembeni na nyingine ikapita. Bila pointi treni hazipishani, zinavaana tu kama wake wenza kwenye ukumbi mwembamba.

Mzee akatoa filimbi yake ya shaba, ile ya kuruhusu treni kuondoka. "Atakayezifanya treni hizi zipishane," akasema, "filimbi ni yake. Na tangu siku hiyo, haitaondoka treni mezani pangu mpaka yeye apulize."

Msicheke. Mtaani pale watu wazima waliitamani filimbi ile kuliko uenyekiti wa mtaa.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, fundi cherehani, binti wa kaka yake Mzee. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa, Mzee akamwagiza pointi fupi, maana meza ni ndogo. Akarudi na ndefu.

"Nilisema fupi!"

"Shikamoo kwanza, baba mdogo. Fupi zina kona kali. Behewa refu kwenye kona kali ni mkono mnene kwenye kwapa la gauni la mtoto. Lazima kitu kifumuke. Nimekata makwapa ya mji huu mzima, kona naijua."

Meza ikawa haitoshi. Wakang'oa mlango wa stoo ya Bi Chausiku, wakauunga mezani. Treni wakaisukuma kwa mkono, ikapita kwenye pointi kama uzi kwenye tundu la sindano.

Wa pili alikuwa Kazimoto, jirani, fundi redio. Umeme ulipowashwa, kila pointi ilipogeuzwa, pap! Shoti. Giza hadi jikoni. Kazimoto akainama, akachungulia. "Hapa kati reli zinapokutana, chanya na hasi zinakumbatiana." Akachukua msumeno mdogo, akaanza kukata.

"Anakata reli!" Mzee akapiga ukelele. "Kazini kwetu mtu wa namna hii alikuwa anafungwa!"

"Tulia, Mzee, polisi hawana habari."

Akakata, akatenganisha kwa plastiki, akakipa kile kipande cha kati waya wake na swichi yake, pointi ikigeuka nao umeme unageuka. Shoti ikakoma.

Iddi ikafika. Wazee wa reli wakajaa sebuleni, kanzu zinanuka pasi. Treni ya mizigo ikaja, ikafika kwenye pointi, ikafa.

"Waya zako hizo!" akasema Nyamizi.

"Pointi zako hizo!" akajibu Kazimoto.

Wa tatu ni Bi Chausiku, aliyetokea jikoni na sinia la pilau. Akasimama. Akanusa.

"Mihayo. Umepaka grisi?"

Mzee akatazama dari. "Pointi isiyopakwa grisi hukwama. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Kweli kabisa, hukwama!" wakaitikia wazee wote.

"Zile treni zenu zilikula mafuta. Hii inakula umeme, nao unapita juu ya reli. Upite wapi kwenye uji huu? Sare zako nimezifua tangu nikiwa mwari, harufu ya grisi naijua kuliko ya udi!"

Akaleta spiriti, pamba na njiti, akafuta kila ufa. Umeme ukawashwa. Treni ya mizigo ikajongea, ikaingia pembeni, ikasimama kwa adabu. Ya abiria ikapita, vuuu! Vigelegele! Mzee mmoja akarusha kofia ikatua kwenye pilau.

"Tena! Tena!" wakapiga kelele.

"Gadi mpya apulize," akasema Mzee Mihayo, akainua filimbi. Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila pointi zangu treni ingekuwa sakafuni," akasema Nyamizi.

"Ulichagua kwa hela za baba yako mdogo," akasema Kazimoto. "Bila waya zangu hiyo treni ni pambo la kabati."

"Na bila pamba yangu ingelala hapo hadi Iddi ijayo," akasema Bi Chausiku. "Tena inapita juu ya mlango wangu."

"Lakini aliyepaka ni mumeo, mama mdogo! Umefuta uchafu wa nyumbani kwako."

"Ndiyo, na wewe ulileta pointi asizokuagiza. Nani mkaidi hapa?"

Mzee Mihayo akamtazama huyu, akamtazama yule. Filimbi si muhogo, haikatwi vipande. Treni mbili zimesimama mezani, wazee wameshika magoti, pilau inapoa na kofia yake ndani.

Haya, nyinyi mnaojiona mna akili: aliyechagua, aliyeunga waya, aliyefuta. Je, nani alistahili kupuliza, treni ziondoke?